Baraza la vigae vilivyovunjwa kama lile la Barcelona, nawezaje kulijenga hapa Tanga?

Fundi_Ngamiani:

Habari za jioni wadau. Mimi ni fundi tailizi hapa Tanga, mwaka wa 11 huu, nimeanza kwa kumbebea maji na mchanga fundi mwingine mpaka nikashika mwiko mwenyewe. Nna swali refu kidogo naomba mnivumilie.

Kuna mama mmoja mteja wangu, nyumba iko Sahare upande wa baharini kabisa, kaniita nikadhani ni kazi ya kibaraza cha siku mbili tatu. Nimefika akatoa simu akanionyesha picha za bustani ipo Barcelona, inaitwa Park Güell, mle kuna baraza la kukalia refu zaidi ya mita 100, linapinda linarudi linapinda tena kama nyoka anavyopita mchangani, na lote limevikwa vipande vya vigae, njano, buluu, kijani, vyeupe, vingine vina nusu ya ua, vingine ni vya sahani kabisa ukingo wake unauona. Akasema fundi mi nataka hili, dogo tu la mita 6 chini ya mwembe, na vipande si unavyo? Kweli ninavyo, nyumbani nna viroba 14 vya mabaki ya saiti, kila nikimaliza kazi tajiri anasema katupe, roho inaniuma, navibeba.

Basi usiku nikaanza kusoma maana Barcelona mimi nilikuwa naijua ya mpira tu. Nikakuta aliyebuni bustani ile ni Antoni Gaudí, kazaliwa 1852, baba yake alikuwa fundi wa kufua shaba, anatengeneza masufuria na vyombo vya kuchemshia, na mtoto kakulia karakana ile akiona bati bapa linagongwa mpaka linafanya tumbo. Hapo nilisimama kusoma nikawaza. Tatizo langu ndo hilo hilo! Tailizi ni bapa na baraza la yule mama lina tumbo. Ukibandika tailizi nzima juu ya tumbo inakaa katikati tu, pembe zote zinaelea, mtu akikaa unasikia imelia imekatika. Ukiivunja, kila kipande kinakuwa kidogo kiasi kwamba tumbo kwake ni sawa na bapa. Kumbe kule kuvunja sio urembo wala sio kubana matumizi tu, ndio njia ya kukifanya kitu kilichonyooka kikubali kupinda. Miaka 11 nakata tailizi kwa grainda zinyooke na sikuwahi kuliwaza hilo, nimekaa nalo wiki nzima.

Sasa nauliza, chini yake niweke nini, tofali au zege lenye nondo na waya wa kuku? Na chumvi ya Sahare nifanyeje, kuna kazi moja niliiona mtaa wa jirani na huo, masika mbili tu grauti yote imekuwa unga. Na mwenye kujua anieleze pia hawa Wakatalani, yaani watu wa Katalunya, jimbo la Hispania lenye Barcelona, walikuwa watu gani maana nikifuata jina moja natokea kwa jingine, wajenzi, wachoraji, mpaka madaktari, nataka nielewe kabla sijashika nyundo.

Mzee_wa_Chokaa:

Mwanangu salama. Nimefurahi umeuliza kabla ya kuanza, vijana wengi wanauliza baada ya nyufa.

Tumbo lijenge kwa tofali kwanza kwa umbo la karibu karibu, halafu vika waya wa kuku upige lipu nzito ukilichonga kwa mkono likiwa bado bichi. Mchanga usithubutu wa pwani, hata ukiambiwa umeoshwa. Tafuta wa mtoni na maji yawe ya bomba yasiyo na chumvi, maana chumvi haiji na upepo peke yake, mafundi wengi tunaiingiza wenyewe ndani ya ndoo. Ile grauti iliyokuwa unga nna uhakika ni hapo.

Udongo wa kubandikia usiwe saruji tupu. Saruji tupu ni ngumu, jua la mchana likiipanua na usiku ikirudi inamtema tailizi. Saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, ndio tuliojengea nyumba za barabara za ndani huko na kuta zipo. Tanga chokaa haijawahi kuwa shida. Lipu uimwagilie siku saba ndio uanze kubandika. Vipande vya tailizi nyepesi za ukutani vinakunywa maji, loweka kwanza, zile ngumu za sakafuni haziloweki. Na kila ukingo utakaogusa paja la mtu uusugue kwa jiwe, kitoto kikija kukaa na kaptula kisikatwe.

Binti_Raskazone:

Shikamoo mzee, na fundi pole na kazi. Mimi nasoma usanifu majengo mwaka wa nne, nyumbani Tanga, na hili swali limenigusa kwa kweli ngoja niandike.

Baraza lile Gaudí hakulivika peke yake, mkono mkubwa ni wa kijana wake Josep Maria Jujol, na yeye Mkatalani, kutoka Tarragona. Vipande vingi ni mabaki ya viwandani. Kwa Kikatalani wanaita trenkadisi, inatoka kwenye neno lao la kuvunja. Ila kitu nnachotaka ukione ni chini ya baraza. Uwanja wa pale juu ni paa la ukumbi wenye nguzo 86, mvua ikinyesha maji yanachujwa na ule uwanja, yanaingia ndani ya nguzo, yanashuka mpaka kwenye tangi la chini ya ardhi linalobeba lita milioni 1 na laki 2. Maana kilima kile kilikuwa kikavu. Na mradi wenyewe tangu 1900 ulikuwa wa kuuza viwanja, tajiri Eusebi Güell alipanga viwanja kama 60, zikajengwa nyumba mbili tu, mwisho mji ukainunua na tangu 1926 ni bustani ya watu wote. Biashara ilishindwa na baraza likabaki, na mimi nikiangalia picha zake sioni kitu kilichoshindwa.

Sasa la pili, hili ukalijaribu nyumbani. Nenda Deep Sea kule kwa wavuvi kaangalie wavu umening'inizwa kukauka. Ile shepu unayoiona wavu umejichagulia wenyewe, kamba ikining'inia inavutwa tu, haisukumwi popote. Ukiigeuza juu chini ule mvuto wote unakuwa mgandamizo, na jiwe na tofali vinapenda kugandamizwa, kuvutwa ndo vinakatika. Gaudí alipopewa kanisa la Colònia Güell hakukaa na vitabu vya hesabu, alitundika kamba darini pamoja na vifuko vya risasi, kimoja kimoja kwa uzito wake, kipimo cha moja kwa kumi, akapiga picha akaigeuza kichwa chini, na hapo kanisa limesimama. Alikaa na zile kamba kama miaka 10! Na lenyewe halikuisha, walijenga sehemu ya chini tu. Lakini alichojifunza mle ndo akakipeleka Sagrada Família, lile kanisa lililoanza kujengwa 1882, yeye kalishika 1883, kafa 1926 kwa kugongwa na tremu, waliomuokota walidhani ni ombaomba kwa nguo alizovaa.

Na fundi hapa utapapenda. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Hispania, karakana yake ilichomwa na vielelezo vyake vidogo vya kanisa, vya plasta, vikapondwa pondwa. Waliokuja baada yake waliokota vile vipande wakakaa miaka wakiunganisha kimoja na kimoja mpaka wakajua alikusudia nini. Kanisa la mtu wa vipande limeokolewa kwa vipande.

Halafu kuna tao la Kikatalani, hili kwa baraza hulihitaji ila wewe ni fundi tailizi na hii ni habari yako. Wanachukua vigae vyembamba, wanavilaza bapa, wanavishikisha ukingo kwa ukingo kwa jipsamu (ile plasta) inayoganda upesi sana, yaani kigae unakishika kwa mkono kidogo unakiachia na kimebaki hewani kimemshika mwenzake, hamna msitu wa mbao chini. Juu yake unapiga tabaka la pili kwa saruji, viungo visikutane, halafu la tatu. Unapata paa bila nondo. Fundi mmoja aliyejifunza na kufanya kazi Barcelona, Rafael Guastavino (yeye kwao ni Valencia, si Katalunya), alihamia Marekani 1881 na ufundi huu akaujaza New York. Dari la ukumbi wa Ellis Island, kisiwa walikopokelewa wahamiaji, lina vigae 28,832, walipolikarabati miaka ya 1980 walibadilisha 17 tu.

Na umefika kwetu. Afrika Kusini kuna jengo la Mapungubwe lililojengwa kwa njia hii, vigae vya udongo na saruji kidogo, vimekandamizwa kwa mashine ya mkono hapo hapo na watu wa eneo lile, hata havikuchomwa, na 2009 likachukua tuzo ya jengo bora la mwaka duniani, tena kwenye mashindano yaliyofanyika Barcelona kwenyewe. Na hapa jirani Kigali, uwanja wa kriketi uliofunguliwa 2017, paa lake ni matao matatu ya vigae vya udongo, ukiangalia unaona kama mpira unadunda. Rwanda, jamani, basi la siku mbili! Sisi tunaagiza mabati.

Kijana_Usagara:

Dada umeandika vizuri ila nyie mnasifu sana. Hao waliiga kwa Waarabu, Hispania karibu yote ilitawaliwa na Waislamu, na kupamba kwa vigae kulitoka huko. Na hata huku kwetu tulikuwa nayo kabla yao, nendeni Tongoni njia ya Pangani mkaangalie makaburi ya nguzo. Matundu ya duara yale kwenye nguzo yalikuwa ya bakuli za Kichina, walizipachika ndani ya chokaa, miaka mia kadhaa kabla ya huyo Gaudí. Nguzo nyingi zimelala chini na bakuli hakuna, lakini matundu yapo, kidole kinaingia. Na ongezeni Picasso kwenye hao Wakatalani wenu.

Binti_Raskazone:

Kaka la Tongoni nakupa mkono, nimekua napelekwa pale na babu na sijui kwa nini sikuliandika, asante. La Waarabu liko hivi, Katalunya haikutawaliwa muda sawa, Barcelona ilitoka mikononi mwa Waislamu mwaka 801, Tortosa na Lleida mpaka 1148 na 1149. Na vigae vya kina Granada na Morocco vinachongwa kimoja kimoja kwa nyundo vikae nyota kamili, hesabu tupu, pengo halionekani. Trenkadisi inaenda kinyume, kipande kinakaa kilivyovunjika na grauti inajaza. Deni lipo na Gaudí mwenyewe ujanani alijenga nyumba nzima zenye sura ya Kiarabu, hakuna aliyekataa. Lakini kuchukua kigae ukakivunja makusudi kifuate tumbo ni jambo jingine.

Picasso ni wa Malaga, Barcelona alifika na miaka 13. Ukitaka mchoraji Mkatalani mtaje Joan Miró, kazaliwa Barcelona 1893. Tena kuna kazi yake ya vigae iko chini barabarani kwenye La Rambla tangu 1976, watu wanapita juu yake na viatu kila siku na yeye ndivyo alivyotaka.

Nesi_Chumbageni:

Mmetaja jipsamu nikashindwa kunyamaza. Mimi niko wodi ya mifupa, na jina la Josep Trueta tulifundishwa. Huyu alikuwa daktari wa upasuaji Barcelona, kazaliwa huko huko 1897, vita ile ile ya 1936 aliyoitaja mdogo wangu hapo juu ilimletea majeruhi wa mabomu mifupa imetokeza nje, na wakati ule antibiotiki hazijafika, mguu kama ule ulikuwa wa kukatwa au mtu afe. Yeye akawa anaosha kidonda mapema, anakata nyama yote iliyokufa bila huruma, anaacha njia ya uchafu kutoka, halafu anafunga kiungo chote kwa plasta ngumu kitulie. Alitoa taarifa ya wagonjwa 1,073 wa namna hiyo na waliokufa ni 6. Akakimbilia Uingereza 1939, njia yake ikaokoa askari wengi vita kuu ya pili, na baadaye akawa profesa Oxford.

Fundi na hii ni yako, hospitali aliyofanyia kazi, Sant Pau, iliyojengwa na Lluís Domènech i Montaner kuanzia 1902, ni majumba mbalimbali ndani ya bustani yameunganishwa na njia za chini ya ardhi, na ndani na nje imejaa vigae vya rangi. Kigae kinaoshika, wodi inakuwa safi, lakini pia aliamini mgonjwa akilala akaona maua na mwanga anapona vizuri zaidi. Nimelifikiria sana hilo nikiwa zamu ya usiku naangalia kuta zetu za rangi ya maziwa yaliyoharibika. Hospitali ile ilihudumia wagonjwa mle mle mpaka 2009.

Mzamia_Pweza:

Na mimi nichangie la bahari maana kila mtu kaleta la kwake. Kuna Mkatalani anaitwa Narcís Monturiol, wa Figueres, mji huo huo alikozaliwa Dalí mchoraji. Huyu hakuwa fundi wala baharia, alikuwa mtu wa magazeti na siasa za wanyonge. Kule kwao wazamiaji walikuwa wanafuata marijani nyekundu chini ya maji kama sisi tunavyofuata pweza na majongoo, na wanakufa. Roho ikamuuma akaamua atengeneze chombo wazamie wakiwa hai. Mwaka 1859 akakishusha bandarini Barcelona, cha mbao, mita 7, kinaitwa Ictíneo, maana yake kama chombo samaki, kikazama na kuibuka zaidi ya mara 50. Kikaja gongwa na meli kikiwa kimefungwa bandarini kikavunjika. Akajenga cha pili 1864, mita 14, na shida ikawa moja, injini ya moto inakula hewa wanayovuta watu. Akatafuta mchanganyiko wa kikemia, zinki na vitu vingine viwili, ukitoa joto la kuchemsha maji unatoa na oksijeni humo humo. Yaani moto unaokurudishia pumzi. Mimi nimezama tangu nna miaka 14, nimezika wenzangu wawili, na nawaambia nilipoyasoma hayo nililia. Mwaka 1868 wadai wake wakakiuza chombo kama mali chakavu. Nyambizi za nchi kubwa zikaja baadaye zikawa za vita.

Mwalimu_Makorora:

Kwa kifupi tu kwa sababu fundi ni wa Ngamiani. Zile barabara zetu za namba zilizonyooka kama zimepigwa rula, Barcelona wanazo kwa ukubwa, aliyezichora ni injinia Ildefons Cerdà, mpango wa 1859. Mji wa zamani ulibanwa na kuta, kipindupindu kinaua, akapima mpaka hewa anayohitaji mtu mmoja chumbani. Kila mraba mita 113, barabara mita 20, na pembe za kila mraba amezikata ili njia panda iwe na nafasi. Ndani ya kila mraba alitaka bustani, majengo pande mbili tu, wenye viwanja wakazijaza zote. Ukikaa barabara ya 12 ukaona nyumba inavyosogea barabarani kila mwaka utaelewa alivyojisikia. Na neno lenyewe la kitaalamu la ukuaji wa miji wanalotumia Wahispania alilibuni yeye kwenye kitabu cha 1867. Alikufa 1876 akidai pesa zake.

Fundi_Ngamiani:

Wadau nimerudi, siku tisa zimepita, samahani nilikuwa saiti. Nimesoma yote mara mbili, ya Mzamia nimemsomea na kaka yangu ambaye naye ni wa bahari, akakaa kimya muda mrefu.

Nimejenga kipande cha majaribio cha mita moja nyuma ya nyumba. Mzee chokaa nimeweka kama ulivyosema na udongo ule unateleza vizuri mkononi, unakupa muda wa kusogeza kipande, sio ule wa saruji tupu unaokushika kabla hujaamua. Nimegundua vipande vikubwa nivipeleke palipo bapa, na kwenye kona kali vile vidogo vya ukubwa wa kucha. Kuvunja naweka ndani ya kiroba nagonga mara moja tu, ukigonga mara mbili unapata unga. Kazi ngumu ni rangi, nilidhani nitabandika chochote kitakachokuja mkononi, ikatoka kama jalala. Nikabomoa nikaanza upya, nikapanga kwanza chini juu ya mkeka, buluu zinaanzia upande mmoja zinafifia kuwa nyeupe kisha kijani. Nusu siku naangalia tu sijabandika hata kimoja.

Dada wa Raskazone, mnyororo wa baiskeli nimeutundika ukutani kwenye misumari miwili nikachora kwa chaki. Chini ya baraza la yule mama kuna nafasi nataka niache vitao vitatu vidogo hewa ipite, nimetumia mchoro huo huo nikaugeuza. Kitao cha kwanza nimekijenga kwa tofali za kuchoma, nikatoa mbao siku ya tatu mkono unatetemeka, nikapanda juu yake na kilo zangu 80. Hakijasema kitu.

Na kaka wa Usagara, Jumapili nilikwenda Tongoni. Nimepima lile tundu kwa vidole. Nikamweleza mteja, akanyamaza, akaingia ndani akatoka na sahani mbili za mama yake za maua ya waridi, moja ina ufa, akasema hizi usizivunje, zipachike nzima kwenye mgongo wa baraza, moja huku na moja kule. Kwa hiyo sehemu hizo mbili nitaziacha bapa. Naanza Jumatatu, picha nitaleta.

Mzee_wa_Chokaa:

Sahani zipachike zimeinama kidogo mbele maji yasilale ndani. Na kwenye kikalio toboa matundu ya kutolea mvua kabla hujapiga lipu, usije kutoboa baadaye.